Mkia wa Neno

Siku Sikudhani alipoambiwa kwamba hakuwa mvivu, hakuwa amezeeka kabla ya wakati, hakuwa amelogwa wala hakuwa anajidekeza, bali tezi moja ndogo kooni mwake ilikuwa imesinzia kwa miaka mitatu, hakumshukuru Mungu wala tabibu. Alikasirika. Alikasirika pale pale kwenye benchi la zahanati, miguu ikiwa imevimba ndani ya viatu, na hasira hiyo ndiyo iliyokuwa kitu cha kwanza chenye joto kuingia mwilini mwake tangu ule mwaka ambao Mji wa Juu haukuupa namba.

Kwani huko si miaka yote iliyopewa namba. Mingine ilirukwa kwa amri. Mwaka uliorukwa ulihesabiwa kuwa haukutokea, na aliyezaliwa ndani yake ilimbidi aazime umri wa jirani. Mji ulikaa kilimani, Bonde likakaa chini, na kati yao palikuwa na ngazi ya mawe ambayo Sikudhani aliihesabu kila asubuhi akienda kazini. Leo vidato mia mbili na kumi na viwili, kesho mia moja na tisini. Hakujua kama ni ngazi iliyokuwa ikipungua au ni yeye. Swali dogo namna hiyo likamla kama mchwa alavyo boriti, kimyakimya, kwa ndani. Maana mtu asiyejua kama ulimwengu ndio uliobadilika au kichwa chake ndicho kilichobadilika, huyo amesimama juu ya nini?

Kazi yake ilikuwa ukalimani wa Baraza, mahali pa hukumu. Sheria ya Mji ilikuwa moja na fupi: jambo lisilosemwa kwa Lugha ya Juu halikutokea. Wabonde walikuwa na lugha yao, na walipofikishwa mbele ya Baraza maneno yao yalikuwa upepo tu mpaka Sikudhani ayatie sauti ya Kijuu. Mama yake alikuwa Mbonde, baba yake mtu wa Mji, na katika halaiki yote ile ni yeye peke yake aliyepewa ruhusa ya kusimama katikati. Walikuwapo Wabonde wengi waliojua lugha zote mbili, hao walikatazwa. Kwa miaka kumi na tisa vilio, viapo na utetezi wa Bonde zima vilipita katika koo moja, la mwanamke mmoja, na yeye alijivunia hilo. Hakuwahi kukosa neno. Hakuwahi kumwambia mtu, "Rudia."

Kisha baridi ikamwingia. Alivaa masweta mawili wakati wengine wakijipepea kwa majani ya mgomba. Mwili ukanenepa ilhali chakula hakishuki. Ngozi ikakauka, nywele zikabaki kwenye kitana kwa mafungu, sauti ikakwaruza. Hayo aliyavumilia. Kilichomtisha ni ukungu. Haukuwa ukungu wa kilimani, ule unaopanda asubuhi na kutoweka jua likitoka; huu ulikaa nyuma ya paji la uso na haukuwa na saa. Angeingia jikoni akasahau amefuata nini. Angeanza sentensi akafika katikati, akakuta upande wa pili wa daraja hakuna.

"Umri huo, Mama Tunu," mumewe Kibwana alimwambia, mtu mwema, akimfunika shuka. "Hata mimi nasahau kofia yangu."

Alikuwa na miaka arobaini na minne.

Mama mkwe alisema kuna jicho la mtu. Tabibu Mkuu wa Mji, baada ya kumsikiliza huku akipangusa miwani, alisema, "Nyinyi kina mama mnawaza mno. Nenda kapumzike." Hakumshika hata mkono. Naye Sikudhani akaenda akapumzika, akalala saa kumi na moja mfululizo, akaamka amechoka kuliko alivyolala.

Ni katika hali hiyo ndipo alipoletwa Mlekwa.

Mlekwa alikuwa mfuga nyuki wa Bonde, mwanamume wa makamo, mkavu, mwenye masikio makubwa. Ghala la Mbegu lilikuwa limeungua mchana kweupe, na walinzi walimkuta ndani, kifua wazi, masizi mpaka kwenye kope. Aliposimamishwa kizimbani hakujitetea kwa maneno mengi. Alinyanyua viganja vyake viwili, vimebabuka vyekundu, akasema sentensi moja.

Katika Kibonde, kuwasha na kuzima ni neno moja lenye mikia miwili. Hata sisi tunayo hayo: kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, kutega na kutegua. Mwili wa neno ni ule ule, mkia ndio unaogeuza. Ukiukata mkia, mlango uliofunguliwa umefungwa, na aliyenasuliwa mtegoni amerudishwa humo. Mwenye masikio mazima husikia mkia kabla ya mwili. Sikudhani siku hiyo alisikia mwili tu.

*Nili nini. Nili nini moto. Kwa mikono hii. Neno lipo. Limejificha nyuma ya pazia, naiona miguu yake. Toka. Toka basi, mwanaharamu wee. Wananitazama. Karani ameinua kalamu. Jaji amekohoa. Muulize. Mwambie arudie. Miaka kumi na tisa, leo ndiyo uombe kurudiwa? Watasema amekwisha. Watasema mleteni mwingine. Sema kitu. Sema.*

"Anasema," Sikudhani akasema, "'Niliwasha moto kwa mikono hii.'"

Kalamu ikashuka. Mlekwa hakujua Lugha ya Juu, lakini alimgeukia mkalimani akamtazama, kama mtu aliyempa mwenzake mtungi na kuusikia ukipasuka.

Alihukumiwa miaka kumi na miwili ya kuvunja mawe ya chokaa ndani ya Ngome, gereza la Mji. Na kwa kuwa Mbonde mmoja amekiri kuchoma mbegu, Wabonde wote wakanyimwa haki ya kutunza mbegu zao. Kila masika ikawabidi wapande ngazi na vikapu vitupu, wapige magoti uani, waombe. Walioomba vizuri walipewa.

Jaji Mwinyikondo, aliyeliongoza Baraza tangu Sikudhani akiwa msichana, alimwita baada ya hukumu. Alikuwa mtu wa sauti laini, mwenye mikono safi daima. "Umefanya kazi nzuri, Bi. Sikudhani. Naona unachoka. Kuanzia kesho utakuwa unakaa." Akamletea kiti chenye mto wa hariri, na Sikudhani akakikalia, akaona raha, akashukuru. Baadaye sana ndipo alipojiuliza ni mtawala gani anayempa mkalimani kiti kwa sababu amechoka. Jibu ni rahisi. Ni yule ambaye uchovu huo unamfaa.

Miezi ikapita bila umbo. Sikudhani alifasiri kesi asizozikumbuka jioni yake. Alitia chumvi kwenye chai, akaunguza sufuria mbili za wali. Kisha ikaja siku ya posa ya binti yake wa pekee. Wageni wamekaa mkekani, kahawa imezunguka, naye akasimama kumtambulisha mtoto aliyembeba tumboni miezi tisa na kumlea miaka ishirini na mitatu.

"Huyu," akasema, "ndiye binti yangu..."

Jina halikuja. Alimtazama usoni; alizijua nyusi, alijua kovu la kidevuni na siku lilipopatikana. Jina halikuja. Wageni wakacheka wakidhani ni mzaha, wakaacha kucheka.

"Tunu," binti akasema kwa sauti ndogo. "Naitwa Tunu, mama."

Kesho yake Tunu hakumuuliza mtu. Alimshika mama yake mkono akateremka naye ngazi yote mpaka zahanati ya Bonde, nyumba ya bati yenye chumba kimoja na foleni ndefu. Tabibu wa huko aliitwa Nyamizi, mwanamke mfupi aliyekuwa akitafuna tangawizi. Yeye hakupangusa miwani. Alimshika Sikudhani mikono akaikuta baridi, akasikiliza moyo ukienda taratibu, akagonga goti na kutazama mguu ukiruka na kurudi polepole kama mlango mzito.

"Mama, nyusi zimeisha huku pembeni. Unazinyoa?"

"Sizinyoi."

"Na sauti ilikuwa hivi siku zote?"

"Hii ya chura? Hapana."

Nyamizi akachota damu akaipeleka kupimwa, na baada ya siku tisa akamwita. "Kuna tezi hapa," akasema, akigusa chini ya koo lake mwenyewe. "Inatoa kichocheo kinachouambia mwili uende. Yako haitoi cha kutosha. Kwa hiyo kila kitu kinajikokota: moyo, tumbo, ngozi, akili."

"Akili?"

"Akili sana. Maneno yanachelewa, mambo yanapotea. Si wazimu, mama. Si uvivu."

"Tangu lini?"

"Kwa hali ya damu hii na hayo uliyonieleza, miaka. Miwili. Labda mitatu."

"Na kulijua hilo kunahitaji nini?"

Nyamizi akatema tangawizi. "Sindano moja."

Hapo ndipo hasira ilipowaka. Sindano moja! Miaka mitatu alijiomba radhi mwenyewe kila asubuhi. Miaka mitatu alijitukana mbele ya kioo, akajiita gogo, akajiita ng'ombe, akameza kombe na makafara na mashauri, akalaliwa na shuka za huruma, na kumbe mtu angechoma sindano moja. Alimkasirikia Tabibu Mkuu na miwani yake. Alimkasirikia Kibwana na kofia yake iliyosahaulika. Akaukasirikia mwili, huu mtumishi aliyelala zamu bila kusema, na zaidi ya yote akalikasirikia fumbo ambalo hakuna aliyemwomba alifumbue: kama mimi ni yale ninayoyakumbuka, basi miaka mitatu hii kulikuwa na mtu anapungua ndani ya nguo zangu na hakuna aliyempigia yowe. Na kama atarudi kwa kidonge kidogo kuliko punje ya mchele, ni nani aliyekuwa akiitikia jina langu alipokuwa hayupo? Nani alikula posho ya Baraza? Nani alilala na mume wangu? Na yale aliyoyasema huyo kwa kinywa changu, nani atayabeba?

"Dawa ni kila asubuhi," Nyamizi alikuwa akisema. "Tumbo tupu, maji matupu. Chai baada ya saa nzima. Baada ya wiki sita hivi tunapima tena. Usitegemee muujiza, mama. Ukungu huondoka kama ulivyokuja, kidogo kidogo, na mwingine huenda ukabaki."

Haukuondoka kwa haraka. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya tatu, alivua sweta moja. Damu ilipopimwa tena Nyamizi aliongeza dozi. Katikati ya kungoja, Sikudhani alijifunza ufundi wa watu wenye vichwa vyenye matundu. Alining'iniza daftari shingoni kwa kamba akaandika kila kitu, hata kwamba amekula. Alifanya jambo moja kwa wakati mmoja, na akikatizwa alipandisha sauti. Mchana alilala nusu saa bila kumwomba mtu ruhusa. Majina aliyatamka kwa nguvu: "Tunu. Kibwana. Hiki ni kijiko." Mama mkwe akasema sasa ndiyo amechizika. "Hiki ni kijiko," Sikudhani akamjibu, "na huyo ni mama mkwe."

Mwezi wa tano wa dawa alikuwa kwenye soko la Bonde, amesimama penye mafungu ya nyanya, aliposikia muuza maharage akimpigia kelele mwenzake kwa Kibonde, "Zima moto, shoga, yanaungua!" Neno likaja zima, mwili na mkia. Mkia ukamgusa sikioni, na papo hapo viganja viwili vilivyobabuka vikainuka mbele ya macho yake, vibichi kama siku ile.

*Nilizima moto kwa mikono hii.*

Alikaa chini, juu ya nyanya za watu. Bila shaka alizima. Ni nani anayewasha moto kwa viganja? Mikono yenyewe ilikuwa ikisema, mbele ya Baraza zima, kwa lugha isiyohitaji mkalimani, na watu sabini waliitazama wakaamini mdomo wake yeye. Mtu alikuwa na miezi kumi chini ya jua la chokaa kwa sababu ya silabi moja.

Alipanda ngazi bila kuhesabu, akaingia chumbani kwa Jaji Mwinyikondo bila kubisha.

"Mlekwa hakukiri," alisema. "Alisema alizima. Mimi nilikosea. Nilikuwa mgonjwa, nina cheti cha tabibu hapa. Fungua kesi, Mheshimiwa."

Jaji alikisoma cheti mpaka mwisho, akakikunja vizuri. "Pole sana. Lakini tufikiri pamoja. Unasema siku ile kichwa chako hakikuwa kizima. Kama hakikuwa kizima, utakumbukaje leo alichosema siku ile? Na kama unakumbuka vizuri, basi kilikuwa kizima, na ulichokifasiri ndicho kilichosemwa. Chagua moja."

Sikudhani akafungua kinywa. Hoja ile ilikuwa chumba kisicho na mlango, na alijua kimejengwa kwa ustadi, na yeye kwa miaka mitatu alikuwa amezoea kutoziamini nyayo zake mwenyewe. Ukungu ukajongea. Akahisi maneno ya Kijuu yakimtoka moja moja kama wageni wanaoaga. Kilichobaki ni hasira, na hasira yake ilikuwa ya Kibonde, ya mama yake. Akanong'ona kwa lugha hiyo, kwa meno yaliyofungwa, "Hata maziwa uliyonyonyeshwa yanakuonea haya."

"Mwache aliyeninyonyesha nje ya jambo hili," Jaji akasema.

Nje uani mtu alikuwa akifagia.

"Unaelewa Kibonde," Sikudhani akasema.

Jaji Mwinyikondo alipangusa meza isiyo na vumbi. "Yaya wangu alikuwa wa huko."

"Basi ulimsikia. Siku ile ulimsikia alivyosema."

"Baraza halisikii Kibonde, Bi. Sikudhani. Baraza linamsikia mkalimani." Sauti yake haikupanda. "Nenda nyumbani. Ukisema nje, nani atakuamini? Mwanamke aliyesahau jina la mwanawe mbele ya wakwe?"

Alishuka ngazi akilia kwa ghadhabu, na kila kidato alikipiga kisigino kama anayeua nge. Kwa hiyo hakukosea peke yake! Alikuwa amebebeshwa dhambi nzima, na kumbe mwenzake alishika upande wa pili, kwa hiari, kwa akili timamu, tena akiwa ameketi. Hapo akauelewa mto wa hariri. Akaelewa kwa nini koo liwe moja. Njia mia hazizibiki zote. Njia moja, ikichoka yenyewe, huna haja hata ya kuiziba. Unaipa kiti.

Kulikuwa na desturi iitwayo Siku ya Majuto. Mara moja kwa mwaka wafungwa wa Ngome waliletwa Barazani, kila mmoja akaulizwa kupitia mkalimani, "Umejuta?" Wabonde waliruhusiwa kuingia na kusimama nyuma, wajifunze. Sikudhani aliingoja siku hiyo majuma matatu. Akameza kidonge chake kila asubuhi, akalala kila mchana. Hakumwambia mtu ila Tunu.

"Watakufukuza, mama," Tunu alimwambia.

"Wakinifukuza nitakuwa nimesimama. Kukaa nimechoka."

Siku ilipofika ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mlekwa aliingizwa wa nne. Nywele zilikuwa nyeupe, na hakuna aliyejua kama ni uzee au ni chokaa. Alikohoa. Jaji, katika kanzu yake nyeusi yenye kola ndefu, akauliza kwa Lugha ya Juu, "Mfungwa Mlekwa, umejuta?"

Watu wakamgeukia Sikudhani. Hakuwa amekaa kitini. Alisimama kando yake, daftari kifuani.

"Sifasiri leo," alisema.

"Rudia?" karani akasema.

"Sifasiri! Mwaka jana nilifasiri hapa nikiwa mgonjwa. Tezi yangu ilikuwa imelala, maneno yalikuwa yananitoka, na mtu huyu aliposema jambo sikulisikia vizuri. Nilibahatisha. Mmenisikia? Mkalimani wenu alibahatisha, mkaandika!"

"Bi. Sikudhani hajisikii vizuri," Jaji akasema kwa upole. "Mtoeni nje apate hewa."

Askari wawili wakaja wakamshika mikono. Hakupigana nao. Alimgeukia Mlekwa tu, akamwambia kwa Kibonde, kwa sauti ile ya chura iliyojaa ukumbi, "Jaji anakusikia. Tangu mwanzo alikuwa anakusikia. Mwambie mwenyewe."

Mlekwa alimtazama. Kisha akamtazama Jaji, muda mrefu, kwa utulivu wa mtu aliyetumia nusu ya maisha yake akisimama bila kutikisika katikati ya vitu vyenye miiba. Hakunyanyua mikono safari hii. Hakupaza sauti. Kwa Kibonde, kwa heshima kabisa, kama anayemtahadharisha jirani, akasema, "Bwana mkubwa, nyuki kaingia kwenye kola yako."

Mkono wa Jaji ukaruka shingoni.

Uliruka wenyewe, ukapapasa kola, ukakung'uta, na mwili ukaruka nao nusu nje ya kiti. Na alipotanabahi ameshika nini, vidole vilikuwa bado kooni na ukumbi mzima unavitazama. Hapakuwa na nyuki. Watu wa Mji hawakuelewa kilichosemwa, wakashangaa. Wabonde nyuma walielewa kila kitu. Hawakucheka. Mwanamke mmoja alitoa sauti nene, fupi, kama mtu aliyekanyagwa, na sauti hiyo ikaenda ikiongezeka kutoka kifua hadi kifua. Wale waliojua lugha zote mbili, wale waliokatazwa, wakaanza kufasiri. Walifasiri kwa nguvu, kwa pamoja, kila mmoja kwa majirani zake wa Mji waliokuwa wakiuliza, "Kasemaje? Kasemaje?" Ndani ya dakika moja palikuwa na wakalimani arobaini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ruhusa.

Askari walisahau kwamba wamemshika Sikudhani.

Mji haukukiri kitu. Si tabia yake. Siku ya tatu ilitoka amri kwamba mfungwa Mlekwa anaachiwa kwa sababu ya kifua. Siku ya nne Jaji Mwinyikondo akapewa likizo isiyo na mwisho. Siku ya tano Sikudhani akafukuzwa kazi kwa barua yenye makosa mawili ya herufi. Amri ya mbegu haikufutwa kwa maandishi, lakini masika yale hakuna Mbonde aliyepanda ngazi na kikapu; walipanda mbegu walizozificha, na waliotumwa kuwakamata walirudi wakasema hawakuona mashamba.

Asubuhi ya kuachiwa, Sikudhani alikwenda kumngoja Mlekwa nje ya lango la Ngome. Alikuwa ameyaandika maneno yake na kuyasoma njia nzima. Mlekwa alitoka peke yake na kifurushi kwapani, akifumba macho kwa mwanga.

"Nisamehe," Sikudhani akasema. "Nilikuwa mgonjwa, sikujua."

"Nimesikia. Pole."

Alidhani yameisha. Mlekwa aliweka kifurushi chini.

"Siku ile nilikuona, mama. Niliona unalitafuta neno. Uso wako ulikuwa kama wa mtu anayepapasa ufunguo gizani. Nikasema moyoni, huyu ataniuliza. Nilikuwa tayari kurudia, hata mara kumi. Hukuniuliza." Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Ugonjwa ulikunyang'anya neno, hilo halina lawama. Kinywa cha kuuliza, hicho alikunyang'anya nani?"

Sikudhani alikuwa na majibu. Alikuwa na Tabibu Mkuu, alikuwa na Jaji, alikuwa na miaka kumi na tisa ya sifa. Yote yalikuwa ya kweli na yote yalimkwama, si kwa ukungu safari hii.

"Niliona aibu," alisema mwishowe.

"Haya." Mlekwa akaokota kifurushi. "Hiyo ndiyo ningeikasirikia mimi, kama ningekuwa wewe."

Hakumsamehe na hakumlaani. Alishuka kuelekea Bonde kwa hatua za mtu ambaye magoti yake yamesahau mteremko, na hakugeuka nyuma, na Sikudhani hakumwita. Alibaki amesimama huku hasira ikimgeukia kutoka pande zote kama upepo uliokosa mlango, ikitafuta pa kuingia, mpaka ikaingia pale pale ilipoelekezwa.

Njaa ilimuuma. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mwanamke amekaa nyuma ya jiko na sufuria kubwa, vikombe vya bati vimepangwa, vibarua wa chokaa wamepanga foleni. Naye akapanga. Zamu yake ilipofika muuzaji akainua upawa. "Nikupe nini, mama?"

Alikitazama kilichomo ndani ya sufuria. Kilikuwa kizito, kimetokota, kinanukia pilipili manga. Alikuwa amekinywa tangu hajaota meno. Jina halikuja. Nyuma yake watu walikuwa wakisubiri, mmoja akaguna, na ule moto wa zamani wa mashavuni ukaanza kupanda.

"Nimelisahau jina lake!" Sikudhani akasema, kwa ukali uliowafanya watu wawili wageuke. "Nina ugonjwa wa tezi, maneno hunipotea. Hicho hapo, cha moto. Kinaitwaje?"

Muuzaji alimtazama, upawa hewani.

"Uji, mama."

"Uji," Sikudhani akasema. "Nipe uji. Ujaze."

Akaupokea kwa mikono miwili, akasogea pembeni kuwapisha wengine, akaunywa ungali wa moto.